Kura za Ile ya Sanduku

Tuzo ya Nywele Bora ndiyo pekee ambayo wateja hawaipigii kura. Hiyo wanaamua Shangazi na Vidole peke yao, wamesimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni, picha imesimamishwa kwenye kichwa cha mtu. Mwaka huu walibishana siku mbili juu ya wigi la malkia mmoja. Vidole, ambaye ndiye msusi wetu, alisema limeshonwa vizuri. Shangazi, ambaye ndiye mwenye saluni, alisema ukitazama karibu na sikio la kushoto unaona gundi, na malkia mwenye gundi hastahili tuzo hata kama amekufa vizuri.

Tuzo nyingine zote ni za wateja. Shangazi alizianzisha miaka minne iliyopita, msimu ule ambao televisheni zote huwa zinaonyesha watu waliovaa magauni marefu wakisubiri kuitwa majina. Alikuwa anampaka mteja dawa ya nywele, akasema, "Hawa wanachagua muvi bora. Wametuuliza sisi?"

Mteja akasema hapana, hawakuuliza.

"Basi na sisi tutachagua bila kuwauliza."

Tangu hapo msimu wa tuzo ukifika, kioo cha tatu, kile cha karibu na mlango, kinaandikwa kwa rangi ya mdomo: Filamu Bora, Muigizaji Bora, Kilio Bora, na Aliyestahili Kufa Mapema Zaidi. Maandishi yanakaa mpaka wale wa magauni marefu wamalize tuzo zao, halafu tunalinganisha. Hatujawahi kulingana hata mara moja. Shangazi anasema hiyo inaonyesha wao wana tatizo.

Majina yenyewe ya filamu hatuyatumii. Fundi simu wa jirani anatujazia kwenye flashi, na akijaza zinakuja na namba tu, kwa hiyo tunazibatiza wenyewe. Kuna Ile ya Malkia, Ile ya Treni, Ile ya Wakili Mlevi.

Sasa, saluni ina shida moja. Hakuna mteja anayeona filamu nzima. Wa rola anakaa saa moja na nusu, wa dawa saa moja, wa kuosha na kukausha hata hiyo haifiki. Mtu anaingia anakuta mwanamke analia, anaondoka kabla hajajua alikuwa analilia nini. Aliye chini ya drayer hasikii kitu, anaangalia midomo tu. Mwaka wa kwanza, tuzo ya Muigizaji Bora ilichukuliwa na mwanamume mmoja mwenye ndevu ambaye, nilipofuatilia, nikakuta ni wanaume wawili wa filamu mbili. Wateja walikuwa wamewaunganisha kwa sababu wote walipigwa risasi Jumamosi moja, mbele ya watu walewale.

Ndipo Shangazi akaweka sheria. Filamu haiingii kwenye kioo mpaka iwe imetazamwa mwanzo hadi mwisho na watu wasiopungua wawili, na watu hao waandikwe kwenye daftari. Na daftari liwe na karani.

Karani ni mimi. Shangazi ni dada wa baba yangu. Nikitoka shule naenda kwake, navua sweta, nafagia nywele, naosha taulo, nachambua rasta na kuzitundika kwenye msumari ili Vidole azichomoe bila kutazama. Siku ya kunipa daftari alisema mbele ya wateja wote, "Huyu haongei. Mtu asiyeongea hana wa kumpendelea." Halafu akaongeza kwamba karani hapigi kura. Wateja wakakubali. Mimi sikuulizwa, na ningeulizwa ningekubali tu, maana kukataa kunataka maneno.

Kwa hiyo miaka mitatu nimeandika kura za watu. Mwaka huu nilikuwa na yangu, na sikuwa na pa kuiweka.

Ile ya Sanduku inahusu mwanamke anayepangisha chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Mpangaji anaondoka asubuhi moja bila kuaga, anaacha sanduku chini ya kitanda. Basi. Filamu nzima ni yule mama na lile sanduku. Analitoa nje, analirudisha ndani. Analipangusa vumbi. Mvua inavuja, analihamisha. Mpangaji mpya anauliza ni la nani, yeye anasema, "La mtu." Niliiona yote Jumapili moja saluni ikiwa imefungwa, nikiosha taulo za wiki. Nilianza na taulo kumi na nne, na ilipoisha nilikuwa nimeosha tatu. Sijui niseme ilikuwa na nini. Nilikaa tu kwenye kiti cha wateja na mikono yenye povu, nikairudia ile sehemu ya mwisho.

Kwenye daftari niliandika jina langu. Sheria inasema watu wawili, haikusema karani si mtu. Nikahitaji mmoja mwingine tu, na filamu ingeingia kwenye kioo. Sikutaka ishinde. Nilitaka iandikwe pale, kwa rangi ya mdomo, watu waisome wakiwa wanasubiri zamu.

Nikaanza kuiweka. Rimoti huwa ninashika mimi kwa sababu wenzangu wote mikono ina mafuta. Mara ya kwanza niliiweka Jumatano, kulikuwa na bibi mmoja wa rola ambaye hiyo ndiyo siku yake. Alitazama nusu saa, akaniambia, "Mjukuu wangu, hili sanduku limetembea kuliko mimi wiki hii." Akaingia chini ya drayer. Mara ya pili alikuwepo Spika. Spika anauza mapazia duka la pili kutoka kwetu, na jina hilo alipewa kwa sababu akiongea saluni, mapazia yake yanasikia.

"Hii nini?" akauliza Spika.

"Muvi," akasema Vidole.

"Muvi gani mtu hapigwi, haolewi, hadaiwi? Toa hiyo. Weka Ile ya Treni, mimi nilitoka wanataka kulipua daraja."

Nikaitoa.

Mtu pekee anayekaa saluni muda wa filamu nzima ni wa rasta nyembamba. Hizo ni saa sita, na wateja wa rasta nyembamba tunao wachache. Mmoja ni nesi wa wodi ya akina mama, mpole, mwenye miguu iliyovimba, ambaye huja Jumamosi asubuhi akitokea zamu moja kwa moja. Alipokaa tu nikaiweka.

Mwanzo alitazama vizuri. Kuna mahali yule mama anatoka kuanua nguo anakuta shuka zake mbili hazipo kwenye kamba, anahesabu vibanio. Nesi akasema, "Hizo zimeibiwa. Na ni huyo huyo mpangaji, angalia macho yake." Nikafurahi, ingawa nadhani uso wangu haukuonyesha. Dakika kama kumi baadaye kichwa kikaanza kwenda mbele. Vidole akakivuta nyuma kwa rasta aliyokuwa anaisuka. Kikaenda tena. Mwisho Vidole akamwegemeza tumboni kwake, akaendelea kusuka mtu aliyelala, kama anavyofanya mara nyingi.

Mama akapangusa sanduku. Nesi akakoroma. Mama akafika kituo cha basi. Nesi akakoroma. Majina yakapanda.

Niliegemeza ufagio ukutani. Shangazi alikuwa nyuma anachemsha maji. Nikachukua daftari, nikaandika: Ile ya Sanduku, Nesi, mwanzo hadi mwisho. Mwandiko wangu ulikuwa wa kawaida. 

Jumatano iliyofuata Shangazi akafungua daftari kusoma filamu zilizohitimu. Akasoma ya Malkia, ya Treni, ya Wakili Mlevi. Akafika kwenye ya Sanduku, akasita.

"Hii imemalizwa?"

"Imemalizwa na nani?" akasema Spika kutoka kwenye beseni la kuoshea, kichwa kimeinama nyuma, povu masikioni. Povu halikumzuia kusikia.

"Karani na Nesi."

"Nesi yupi? Huyu huyu?"

Bahati yangu ilikuwa mbaya. Nesi alikuwepo, amerudi kulegezwa rasta za mbele zilizokuwa zimemkaza mpaka nyusi zimepanda. Alikaa kiti cha kwanza akiwa na uso wa mtu anayeshangaa kila kitu.

"Dada nesi," akasema Spika, "hebu tuambie iliishaje. Alilifungua au hakulifungua?"

Saluni nzima ikamgeukia. Nesi akatazama kioo. Ndani ya kioo nyuma yake nilikuwepo mimi na ufagio, na nadhani nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili. Akanitazama kidogo.

"Alilifungua," akasema.

"Eh. Mlikuwa na nini?"

"Shuka."

"Shuka?"

"Shuka zake mwenyewe. Mbili. Zile zilizopotea kwenye kamba mwanzoni. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa." Akasogeza kiganja hewani, akakunja shuka isiyokuwepo, pembe kwa pembe, kama wanavyokunja hospitali. "Basi. Hamkuwa na kingine."

Bibi wa rola akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo hakuziiba."

"Aliziiba, akajuta," akasema Vidole.

"Hapana, alizichukua akazifue, ndiyo ilikuwa kodi yake," akasema mteja mwingine.

"Na yule mama muda wote amekaa na shuka zake mwenyewe chini ya kitanda," akasema Spika. Povu lilikuwa linamshukia shingoni na hakujali. "Mbona hamkuniambia hii muvi ina akili? Mlinifanya niangalie treni."

Kura zilipigwa Ijumaa na Jumamosi. Nilizihesabu mara mbili. Ile ya Sanduku ilipata kumi na moja kati ya kumi na tisa. Shangazi mwenyewe aliiandika kwenye kioo, juu kabisa ya orodha, herufi kubwa, kwa ile rangi nyekundu anayoitumia kwenda harusini. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikisoma kila nilipopita na ndoo.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Filamu ikishinda, Jumapili ile saluni inafungwa, wapiga kura wanaalikwa, na inatazamwa yote. Simu zinawekwa ndani ya beseni, drayer zinazimwa. Shangazi anasema ni aibu kukipa kitu tuzo bila kukitazama usoni. Miaka iliyopita niliipenda sana siku hiyo.

Jumamosi jioni nilimfuata Nesi mlangoni.

"Dada nesi. Shuka hazimo."

"Hazimo wapi?"

"Kwenye sanduku. Halifunguliwi."

Akafikiri. "Sasa analifanyaje?"

"Analikalia."

"Analikalia?"

"Kituoni. Analibeba mpaka kituo cha basi, benchi limejaa watu, anaweka sanduku chini, anakaa juu yake."

"Na basi linakuja?"

"Sijui. Inaisha."

Nesi akashika kitasa, akakiachia. "Sasa mbona hukunikonyeza, mdogo wangu? Ningesema amelikalia. Mimi niliona umeshika huo ufagio kama ndugu wa mgonjwa, nikasema huyu nimwokoe kwanza, mengine baadaye."

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja. Nikitoka zamu."

Tulikuwa watu tisa. Shangazi alikaa kiti cha kwanza, bibi wa rola cha pili, wengine kwenye viti vya plastiki na kwenye sanduku la soda. Nesi alikaa kiti cha tatu, mgongo kwenye kioo chenye jina la mshindi. Rimoti nilikuwa nayo mimi. Naijua filamu ile. Najua kwamba dakika nne kabla ya mwisho mama anafunga mlango wa chumba, na picha inakaa kwenye mlango muda mrefu hadi mtu anaweza kudhani imekwisha. Ningeweza kubonyeza hapo. Ningesema flashi imeharibika, wangeamini, maana flashi za yule fundi huharibika.

Waliitazama kwa heshima kubwa. Kila sanduku lilipohamishwa mtu alisema "shuka hizo" kwa sauti ya chini. Spika alikuwa na leso mkononi tayari. Shuka zilipopotea kwenye kamba wakaguna wote kwa pamoja, na bibi wa rola akasema, "Haya, tumeanza."

Mlango ukafungwa. Picha ikakaa kwenye mlango. Nikaangalia kidole changu juu ya rimoti. Nikakiondoa.

Mama akafika kituoni. Benchi limejaa. Akaweka sanduku chini, akakaa juu yake, akaweka mkoba mapajani. Upepo ukampeperushia kitambaa kichwani. Majina yakapanda.

Spika aliendelea kusubiri majina yapite, alidhani sanduku litafunguliwa baada ya majina.

"Imeishia hapo?" akauliza mwisho.

"Imeishia hapo," akasema Vidole.

"Shuka ziko wapi?"

Wote wakamgeukia Nesi. Nesi alikuwa amelala, uso umegeuka ukaegemea kioo, na herufi mbili za mwisho za Sanduku zimemwingia kwenye paji la uso kwa rangi nyekundu.

Shangazi akamtazama. Halafu akanitazama mimi. Ana akili sana, Shangazi, haulizi swali la kwanza, anaanza na la pili.

"Nani alimaliza hii muvi?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Na Nesi?"

"Alilala. Niliandika tu."

Nilisema hivyo kwa sauti ambayo hata bibi wa rola aliisikia. Shangazi akanyoosha mkono, nikampa daftari. "Hili nilikupa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu siongei."

"Kumbe unaongea kwa kalamu." Akampa Vidole daftari. "Kuanzia leo karani ni wewe." Akachukua taulo lenye maji, akapita nyuma ya Nesi taratibu asimwamshe, akafuta kioo, chote.

Nilikuwa naelekea kwenye ufagio. Nilidhani ndipo pa kwenda. Lakini nyuma yangu watu walikuwa wameshaanza.

"Mimi nataka kujua tu," Spika alikuwa anasema, "ni mwanamke gani anakaa na sanduku miezi minane asilifungue? Mimi dakika mbili."

"Si lake," akasema bibi wa rola.

"Amelilaza bure miezi minane, hata nusu si lake?"

"Nusu gani? Afungue nusu?"

"Mimi ningetikisa," akasema Vidole. "Kutikisa si kufungua."

"Anampelekea mwenyewe," akasema mteja mwingine.

"Anampelekea wapi, hajui anakokaa?"

"Ndiyo maana amekaa."

Shangazi akagonga drayer na sega. "Kura zinarudiwa. Sasa hivi, waliopo, kwa mikono. Muvi hii sasa imemalizwa na watu wanane, imehitimu kihalali. Vidole, andika. Ya Treni."

Mikono minne, wa Spika ukiwa wa kwanza. Ya Malkia, mikono miwili, bibi wa rola na Vidole, ambaye hajasahau lile wigi. Ya Wakili Mlevi, mkono mmoja, wa Shangazi. Kila mwaka anachagua wakili yeyote aliyepo.

"Ya Sanduku."

Hakuna mkono. Shangazi akanigeukia. "Wewe unafanya nini huko?"

"Nafagia."

"Wewe si karani tena. Asiye karani anapiga kura."

Nikaweka ufagio ukutani. Ukateleza, ukaanguka, nikauokota, nikauweka tena. Walikuwa wananisubiri. Nikanyoosha mkono, si juu sana, usawa wa sikio.

"Umeona huo, Vidole?"

"Nimeuona, dada."

Kelele za ufagio zilimwamsha Nesi. Akaona mkono wangu juu, akanyoosha wake. "Ya Sanduku," akasema. "Mimi nasimama na shuka."

"Shuka hazimo, dada nesi," akasema Spika. "Tumetazama wote."

"Kwangu zimo."

"Aliimaliza?" Shangazi akauliza.

Vidole akatazama ule wekundu kwenye paji la uso wa Nesi. "Hakuimaliza."

"Basi haihesabiwi."

Nesi akashusha mkono bila kinyongo, akauliza kama chai ipo.

Shangazi akaandika upya. Ile ya Treni, nne. Ile ya Malkia, mbili. Ile ya Wakili Mlevi, moja. Chini kabisa, karibu na chupa za mafuta, mahali ambapo nilidhani hataandika, akaandika Ile ya Sanduku, na mbele yake moja. Herufi zilikuwa ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Wale wa magauni marefu walimaliza tuzo zao wiki tatu baadaye. Hatukulingana. Kufuta kioo ni kazi yangu, kwa hiyo Jumanne nilikifuta kuanzia juu, Treni, Malkia, Wakili, nikafika chini nikaacha, nikaenda kuosha taulo. Mstari ule ulikaa siku nne. Jumamosi akaja Spika, akapewa kiti cha tatu, akajiinamisha kutazama amenyolewaje shingoni, akasema haoni kitu, kuna sanduku limemkalia kwenye kidevu. Nikaleta kitambaa.

"Subiri," akasema. "Hivi yule mama, kwani basi lilikuwa la kwenda wapi?"

Nikamwambia sijui, halikuandikwa.

"Futa basi," akasema.